Kosa la Diotrefe lilikuwa nini hasa?

Waraka wa Tatu wa Yohana ndio kitabu kifupi kuliko vyote katika Agano Jipya. Kwa Kigiriki una maneno 219 hivi, ambayo yangeenea kwenye karatasi moja ya mafunjo. Jina la Yesu halimo, wala la Kristo. Linatajwa "Jina" basi. Lakini watu wamo, tena kwa majina yao: Gayo anayeandikiwa, Diotrefe anayelaumiwa, na Demetrio anayesifiwa. Katikati yao limewekwa agizo moja: "Mpenzi, usiuige ubaya, bali uige wema."

Katika mahubiri mengi mambo haya huonekana mepesi. Gayo mkarimu, Diotrefe mpenda ukubwa, Demetrio mwenye sifa njema. Chagua wa kumfuata. Jina la Diotrefe lenyewe limegeuka fimbo. Ugomvi wa viongozi ukizuka kanisani, hakosi mtu wa kumwita mwenzake Diotrefe, na mara nyingi huyo anayeitwa hivyo naye ana Diotrefe wake upande wa pili.

Ugumu unaanza ukirudi nyuma ukurasa mmoja tu. Katika Waraka wa Pili, mwandishi anayejitambulisha vilevile kama "Mzee" anaagiza: "Mtu akija kwenu, naye haleti mafundisho hayo, msimkaribishe nyumbani mwenu, wala msimpe salamu." Waraka wa Pili unaamuru mlango ufungwe, Waraka wa Tatu unamlaumu mtu kwa kufunga mlango. Sasa Diotrefe alikosea wapi? Wasomi wamelivuta swali hili huku na huko kwa zaidi ya miaka mia moja, na ukilifuatilia kwa utulivu unaona jinsi Wakristo wa mwanzo walivyojifunza dini yao: kwa kutazamana, na kwa kubishana juu ya nani anafaa kutazamwa.

Mlango wa nyumba, mlango wa kanisa

Kwa kawaida waraka huu huwekwa mwishoni mwa karne ya 1, pande za Efeso, katika Asia Ndogo, ambayo leo ni magharibi ya Uturuki. Mapokeo ya kale yanasema Mzee ni Yohana mtume. Wengine, wakitegemea maneno ya Papia, askofu wa Hierapoli, yaliyohifadhiwa na mwanahistoria Eusebi, wanaona ni Yohana mwingine aliyejulikana zaidi kwa uzee wake kuliko kwa utume. Kwa swali letu, yeyote kati yao anatosha.

Jambo la kushika kwanza ni kwamba kanisa halikuwa jengo. Paulo anatuma salamu kwa kanisa lililo nyumbani mwa Prisila na Akila. Barua kwa Wakolosai inalitaja la nyumbani mwa Nimfa. Barua kwa Filemoni inalitaja la nyumbani mwake. Nyumba ya kale kuliko zote tunayoweza kuionyesha kwa kidole kuwa iligeuzwa kanisa ni ile ya Dura-Europos nchini Syria, na hiyo ni ya karne ya 3, mji wenyewe ukateketea mwaka 256. Kabla ya hapo watu walikutana sebuleni kwa mtu. Mwenye sebule ndiye aliyetoa taa, mkate na nafasi ya kukaa, na bila ya kupigiwa kura wala kuwekewa mikono akajikuta ana sauti. Asipofungua, hakuna ibada.

Jambo la pili ni barabara. Dola ya Rumi ilikuwa na barabara nzuri na nyumba za wageni mbaya. Waandishi wa zama hizo huzizungumzia kwa kunguni, wizi, divai iliyochakachuliwa na biashara ya ukahaba. Mtu wa heshima alisafiri akilala kwa ndugu, rafiki, au rafiki wa rafiki, akiwa na barua ya kumtambulisha. Wakristo waliirithi desturi hiyo nzima. Sura ya 16 ya barua kwa Warumi inaanza kwa kumtambulisha Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, ili wampokee. Paulo huyohuyo, alipokerwa na Wakorintho waliotaka vyeti, aliwauliza kama kweli yeye anahitaji barua za sifa kwao.

Wahubiri wa kuzunguka waliomfikia Gayo walikuwa wametoka "kwa ajili ya Jina hilo", wakiwa hawapokei kitu kwa Mataifa. Hilo lilikuwa na sababu. Mijini walijaa wanafalsafa wa barabarani waliohubiri adili wakiwa na fimbo na mkoba wa kuombea, na watu wakishazoea mkoba hawasikii tena adili. Mhubiri wa Kikristo aliyekataa sadaka ya wasioamini alijitofautisha nao, ila kwa kufanya hivyo aliiweka safari yake yote mikononi mwa waumini. Walipaswa kumpokea, kumlisha, kisha kumsafirisha: chakula cha njiani, nauli ikibidi, pengine na mtu wa kumsindikiza. Gayo alifanya haya kwa watu asiowajua. Walirudi kwa Mzee wakasimulia mbele ya kanisa, na simulizi hiyo ndiyo iliyomfanya awe mfano. Ona kwamba hasifiwi kwa hotuba, wala kwa maono. Anasifiwa kwa vitanda na sahani.

Hapa nichepuke kidogo. Aya ya 2 ya waraka huu, "naomba ufanikiwe katika mambo yote na kuwa na afya yako", imebebeshwa mzigo mkubwa na wahubiri wa mafanikio, tangu Oral Roberts huko Marekani katika miaka ya 1940 mpaka kwenye majukwaa ya Dar es Salaam, Nairobi na Kinshasa. Barua nyingi za watu wa kawaida zilizofukuliwa katika michanga ya Misri huanza kwa dua ya namna hiyohiyo: mtoto kwa baba, askari kwa mamaye, kabla ya yote nakuombea afya. Ni salamu ya adabu, kama sisi tunavyoandika "natumaini hamjambo". Mtu aliyesifiwa kwa kuwapa wageni mali yake amefanywa hati miliki ya kupokea mali. Haya, turudi kwa Diotrefe.

Mashtaka yaliyopo na lisilokuwapo

Mashtaka yenyewe yako katika aya mbili tu, ya 9 na ya 10. Mzee aliliandikia kanisa, lakini Diotrefe, "apendaye kuwa wa kwanza kati yao", hakumkubali. Anamsema Mzee maneno ya upuzi na uovu. Hatosheki na hayo. Yeye mwenyewe hawapokei wale ndugu. Tena wale wanaotaka kuwapokea anawazuia, na kuwatoa katika kanisa.

Lisilokuwapo ndilo la ajabu. Mzee huyu, ambaye katika Waraka wa Pili anasema waziwazi kwamba asiyekiri Yesu Kristo kuja katika mwili ni mdanganyifu na mpinga Kristo, hamwiti Diotrefe mdanganyifu. Hagusi mafundisho yake hata kidogo. Kama angekuwa na la kusema kuhusu imani ya mtu huyu, sioni kwa nini angelimeza.

Katika pengo hilo wasomi wamepanda kila mbegu. Adolf von Harnack, mwaka 1897, alimwona Diotrefe kama askofu wa kwanza tunayemjua kwa jina: kanisa la mahali linajitambua, limechoshwa na wageni wasiokwisha pamoja na mzee wa mbali anayewatuma, likamsimamisha mtu mmoja aseme basi. Walter Bauer, mwaka 1934, aligeuza meza: Diotrefe ni kiongozi wa wazushi. Ernst Käsemann akaigeuza tena mwaka 1951: mzushi ni Mzee mwenyewe, padri aliyetengwa na Diotrefe, ambaye ndiye mlinzi wa imani iliyokubalika. Mwaka 1977 Abraham Malherbe akawatuliza wote kwa kusema tusome kilichoandikwa: hii ni habari ya ukarimu, na katika ulimwengu ule kumkataa mjumbe wa mtu ni kumkataa mtu mwenyewe, kumvunjia heshima mbele ya watu. Hatuhitaji kuzua mgogoro wa mafundisho wala wa vyeo ili kuelewa uzito wake.

Mimi naegemea kwa Malherbe, na kipande cha Harnack mkononi. Muda mfupi baadaye, mwanzoni mwa karne ya 2, Ignasi, askofu wa Antiokia, anapita Asia Ndogo akiwa amefungwa minyororo kupelekwa Rumi, na kutoka njiani anawaandikia Wakristo wa Smirna kwamba pasifanyike jambo lolote la kanisa pasipo askofu. Kwa kipimo cha Ignasi, mtu mmoja kuamua nani anapokewa mjini si kioja. Kwa hiyo siamini kwamba Mzee alimlaumu Diotrefe kwa kuwa na madaraka. Anamlaumu kwa kuyapenda, na kwa alivyoyatumia juu ya wenyeji wenzake.

Hapo ndipo fundo linapoanza kulegea. Ziweke nyaraka mbili bega kwa bega. Waraka wa Pili unasema anayempa salamu mwalimu wa uongo anashiriki kazi zake ovu. Waraka wa Tatu unasema anayewakaribisha ndugu wa kweli anakuwa mtenda kazi pamoja na kweli. Hoja ni ileile moja: kumpa mtu kitanda ni kuingia ubia naye. Kwa sababu hiyo kila mwenye nyumba alipaswa kupima, naye angewajibika kwa kipimo chake. Waraka wa Pili, ulioandikwa kwa "mama mteule" (mwanamke mwenye nyumba, au kanisa zima likiitwa kwa heshima hiyo), unawapa waumini kipimo wakitumie wenyewe. Diotrefe aliwanyang'anya kipimo. Hakuishia kwenye mlango wake. Alifunga milango ya wengine, na aliyeufungua wake alitupwa nje. Wala hakuwapima wageni kwa walichofundisha. Aliwapima kwa aliyewatuma.

Kuna kejeli chungu ndani yake. Hawa ni watu wa mapokeo ya Yohana, na Injili yao, katika sura ya 9, inasimulia kwa uchungu habari ya kipofu aliyeponywa kisha akatolewa nje ya sinagogi kwa kumkiri Yesu. Jamii iliyobeba jeraha la kutolewa nje sasa ina kiongozi anayewatoa wengine nje. Injili hiyohiyo, katika sura ya 13, inaweka mfano ambao waumini wote waliambiwa waufuate kwa neno la wazi: Yesu anawaosha wanafunzi miguu, kisha anasema amewapa kielelezo ili nao watende vivyo. Kuosha miguu ilikuwa huduma ya kumpokea mgeni aliyetoka njiani; ndiyo maana Waraka wa Kwanza kwa Timotheo unamtaka mjane wa kuandikwa awe amewakaribisha wageni na kuwaosha watakatifu miguu. Kwa hiyo "apendaye kuwa wa kwanza" si tusi la kawaida kwa mtu asiyependwa. Anayeusoma waraka huu akiwa na Injili ile kichwani anajua wa kwanza alikuwa wapi usiku ule: chini, na beseni.

Siku ya tatu mpe jembe

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba mfano mwema ni mlango wazi na mfano mbaya ni mlango uliofungwa. Wakristo wa vizazi vilivyofuata walijua si hivyo, kwa sababu matapeli nao walikuwa wamegundua milango hiyo.

Shahidi mzuri ni mtu wa nje. Lusiano wa Samosata, mwandishi wa Kigiriki mwenye ulimi mkali, alisimulia maisha ya Peregrinus, mwanafalsafa aliyejichoma moto hadharani kule Olimpia mwaka 165. Kwa maelezo ya Lusiano, Peregrinus aliwahi kuishi na Wakristo wa Palestina, akapanda ngazi haraka, na alipofungwa gerezani wakamhudumia kwa kila hali: wajane na yatima mlangoni tangu alfajiri, chakula kizuri, hata wajumbe kutoka miji ya Asia kwa gharama za makanisa yao. Lusiano anacheka, anasema tapeli mwerevu akiingia kwa watu hawa anatajirika upesi. Tukiondoa chumvi yake, bado inabaki picha ya watu walioufanyia kazi mfano wa Gayo mpaka ukawa udhaifu wao.

Nao walitunga dawa. Kitabu kidogo kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume, ambacho wengi hukiweka kati ya mwisho wa karne ya 1 na mwanzo wa karne ya 2, kilikuwa kimepotea hadi Filotheo Bryennios alipokikuta Constantinople mwaka 1873, katika hati iliyonakiliwa mwaka 1056. Sura zake za 11 hadi 13 zinahusu wageni tu. Mtume akija apokewe kama Bwana. Akae siku moja. Ikibidi, na ya pili. Akikaa tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka asichukue ila mkate wa kumfikisha malazi yajayo. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Nabii akiagiza meza iandaliwe akiwa katika roho, asiile. Akiila, ni wa uongo. Akisema katika roho "nipeni fedha", msimsikilize, isipokuwa kama anawaombea wahitaji, hapo mtu asimhukumu. Na msafiri wa kawaida anayetaka kukaa? Kama ana ufundi, afanye kazi ale. Kama hana, tumieni akili zenu, ila Mkristo asikae kwenu bila kazi. Mswahili akisoma hapo lazima atabasamu, maana sisi tuna yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Linganisha na Diotrefe. Didake inapima kwa mambo yanayoonekana na kila mtu: siku, mkate, fedha, kazi. Mwenyeji yeyote, hata asiyejua kusoma, anaweza kuhesabu siku mbili. Na mlango unaanza ukiwa wazi; mgeni anapokewa kwanza, kisha mwenendo wake unamshitaki au unamtetea. Diotrefe alianza na hukumu.

Kupima nako kuna hatari yake, na walilijua hilo. Kitabu cha Ufunuo, kikizungumza na kanisa la Efeso, mji uleule tunaouhusisha na Mzee, kinalisifu kwa kuwajaribu watu waliojiita mitume na kuwakuta waongo. Mistari miwili mbele linaambiwa limeuacha upendo wake wa kwanza. Kanisa linaweza kufaulu mtihani wa kugundua walaghai likafeli uliokuja baadaye.

Kwa nini Mzee hakutoa amri

Kuna kitu kingine ambacho kwa maoni yangu husahauliwa. Mzee hana nguvu. Barua yake kwa kanisa imezuiwa. Hawezi kumwondoa Diotrefe, wala hamwagizi Gayo amwondoe. Ameahidi tu kwamba akija atayataja matendo yake, na mwisho wa waraka anasema hataki kumalizia kwa wino na kalamu, watazungumza mdomo kwa mdomo. Mtu wa namna hii anabaki na chombo kimoja, nacho ni mfano wa mtu. Hasemi "ninakuamuru", anasema "usiuige". Hakukuwa bado na orodha ya vitabu vitakatifu iliyofungwa, wala katiba, wala makao makuu. Maisha ya mtu yaliyoshuhudiwa na wengi ndiyo yaliyokuwa kitabu cha kanuni. Paulo alikuwa akifanya hivyohivyo miaka 40 au zaidi kabla: aliwaambia Wakorintho wamfuate yeye kama yeye anavyomfuata Kristo, na aliwahesabia mabaya ya Israeli jangwani akisema yalikuwa mifano ili sisi tusitamani mabaya. Shule za Kigiriki na za Kirumi nazo zilifundisha adili hivyo, kwa kumweka mtu mwema na mtu mbaya mbele ya kijana kisha kumwambia tazama.

Ndiyo maana Demetrio anahitajika. Bila yeye waraka ungekuwa lawama tupu. Ametajwa katika aya moja, ya 12, na mashahidi wake ni watatu: watu wote, kweli yenyewe, na sisi. Torati ilitaka mashahidi wawili au watatu ili neno lithibitike, na Mzee amejaza idadi kamili. Wengi hudhani Demetrio ndiye aliyeubeba waraka huu, akabisha hodi kwa Gayo akiwa nao mkononi. Kama ni hivyo, agizo la kuiga wema lilifika pamoja na jaribio lake: huyu hapa mlangoni, na ukimpokea, Diotrefe atajua.

Upande wa pili, Diotrefe hakuachiwa nafasi ya kujitetea. Tunamjua kwa kalamu ya hasimu wake. Hilo linatakiwa limtie adabu kila anayetumia jina lake kama fimbo, kwa sababu Mzee mwenyewe alikuwa na uangalifu ambao watumiaji wa fimbo hiyo hawana: alitaja matendo yanayoweza kuulizwa kwa waliokuwapo, akaacha kuhukumu imani ya mtu, akaahidi kuyasema mbele yake. Ignasi, kwa mfano, alichagua njia nyingine. Katika barua yake kwa Smirna anawasema vikali waliokana kwamba Kristo aliteswa kwa kweli, kisha anasema hakuona vema kuyaandika majina yao. Wema anawataja kwa majina, Onesimo wa Efeso, Damas wa Magnesia, Polibio wa Trale. Wabaya anawaacha bila jina.

Njia ya tatu, na kwangu ndiyo iliyokomaa kuliko zote, ni ya Polikarpo, askofu wa Smirna hiyohiyo. Wakristo wa Filipi walimwandikia, na katika kuwajibu akagusa habari ya Valens, mzee wa kanisa lao aliyeanguka, inavyoonekana kwa tamaa ya fedha, pamoja na mkewe. Polikarpo anamtaja kwa jina. Anasema amehuzunika sana kwamba mtu huyo hakuielewa nafasi aliyopewa. Anawaonya wasomaji wajitenge na tamaa ya fedha. Kisha anaongeza kwamba wasiwahesabu watu hao kuwa adui, bali wawarudishe kama viungo dhaifu vilivyopotea, ili mwili wote upone. Ukiitazama hadithi ya Anania na Safira katika Matendo, walioanguka na kufa miguuni pa Petro mara tu baada ya Barnaba kusifiwa kwa kuuza shamba lake, unaona umbali uliopo. Pale mfano mbaya unafutwa duniani. Hapa mfano mbaya ana jina, ana mke, na ana njia ya kurudi.

Polikarpo mwenyewe aligeuka mfano alipouawa, wengi wakiweka kifo chake karibu na mwaka 155. Simulizi ya kifo chake inakumbukwa kwa jibu lake kwamba amemtumikia Kristo miaka 86 bila kutendewa baya. Sura yake ya 4 haikumbukwi sana. Humo yumo Quintus, mtu wa Frigia, ambaye alijipeleka mwenyewe kwa watawala na kuwashawishi wengine wafanye hivyo, kisha alipowaona wanyama wakali moyo ukamwisha, akaapa na kutoa sadaka kwa miungu. Waandishi wanasema kwa hiyo hawawasifu wanaojitoa wenyewe, kwa kuwa Injili haifundishi hivyo. Polikarpo, kinyume chake, alikuwa amejificha shambani, na waliomkamata aliagiza wapewe chakula na kinywaji kadiri watakavyo, akaomba saa moja ya kusali. Hata siku ya kufa, askofu huyu anapimwa kwa alivyowapokea waliobisha hodi.

Waraka ulivyonusurika

Waraka wa Tatu ulichelewa kukubalika. Eusebi, katika robo ya kwanza ya karne ya 4, bado anauweka, pamoja na wa Pili, miongoni mwa vitabu vinavyobishaniwa. Biblia ya Kisiria iitwayo Peshita haikuwa nao. Atanasi wa Aleksandria anautaja katika orodha yake ya vitabu 27 mwaka 367. Barua kwa kanisa, ile ambayo Diotrefe hakuikubali, haimo katika orodha yoyote. Wengine hudhani ni Waraka wa Pili, lakini wengi huona imepotea, na hilo si ajabu kwa barua iliyoishia mikononi mwake. Ya Gayo ilitunzwa.

Katika mkusanyo wa karne ya 4 uitwao Katiba za Mitume kuna orodha ya maaskofu wa kwanza wa miji mbalimbali. Pergamo amepewa Gayo. Filadelfia amepewa Demetrio, aliyewekwa na Yohana. Wanahistoria hawaitegemei sana orodha hiyo, ila inaonyesha jinsi wasomaji wa zama zile walivyoumaliza ugomvi: aliyelisha wageni na aliyeshuhudiwa na wote wakapewa miji, na yule aliyependa kuwa wa kwanza hakupewa hata kimoja.